Fundi wa Baiskeli wa Matisi



Mtu wa Pwani anayehamia bara huulizwa kwanza habari za baridi. Nami nimeulizwa mara nyingi tangu nilipokwenda kufundisha madrasa Matisi, kiungani mwa mji wa Kitale. Baridi ipo, kwani nchi ile iko juu ya bahari kwa kiasi cha mita 1,900, na upande wa magharibi umesimama Mlima Elgon. Lakini kilichotushughulisha mimi na ahali yangu mwaka ule wa kwanza ni baiskeli ya binti yetu, mwenye umri wa miaka 13.

Tulikuja nayo kutoka Mombasa ndani ya buti la basi. Kwetu adui wa baiskeli ni chumvi ya bahari inayokula mnyororo; breki hatukuzijali, maana mitaa yetu ni tambarare. Matisi ni mambo mengine. Masika yakiingia, udongo mwekundu hugeuka tope linaloganda magurudumuni na kusaga raba za breki kama msasa, na njia ya binti kwenda shule ina mteremko mrefu.

Fundi wa kwanza nilimchagua kwa uvivu: alikuwa karibu, na banda lake lilikuwa na rangi mpya. Alibadilisha waya wa breki, akasema na habu ya mbele imekwisha. Nikalipa vyote. Siku ya tatu, katikati ya mteremko, waya ulichomoka. Binti akaingia mtaroni, akachunika viganja na goti, hakuvunjika, alhamdulillahi. Nilipoikagua baiskeli niliona kwamba ile habu "mpya" ilikuwa kuukuu iliyopakwa grisi. Yangu sijui ilikwenda wapi.

Mama yake akasema iuzwe. Binti hakubisha, akaanza kutembea kwa miguu, karibu saa nzima kwenda na saa nzima kurudi. Alifika nyumbani Alasiri imekwisha kuadhiniwa, amechoka, na darasa la Qur'ani akaanza kulikosa. Hapo ndipo nilipoona kwamba jambo hili si la baiskeli tu.

Asubuhi moja baada ya Alfajiri nilisimama barabarani nikiwangoja wachuuzi wa maziwa, wale wanaopita na mitungi imefungwa kwenye keria. Mtu ambaye riziki yake imo juu ya magurudumu mawili hawezi kumvumilia fundi mbaya. Niliwauliza watatu, kila mmoja peke yake, na wote wakanielekeza kwa mzee mmoja chini ya mparachichi, karibu na soko. Mafundi wa aina yake wamepungua. Jina la boda boda lenyewe lilizaliwa Busia, kwa baiskeli zilizovusha watu kutoka mpaka hadi mpaka, lakini pikipiki zilipoenea, mafundi wengi wamezifuata.

Mzee yule, Mbukusu na Mkristo, hakushika spana kwanza. Aliuliza, "Nani anaiendesha?"

"Binti yangu."

"Anapita njia gani?"

Nikamweleza. Akaliinua gurudumu la mbele, akalizungusha, akatazama rimu inavyopita kati ya raba za breki. Kisha akalitikisa kushoto na kulia, likagonga. Alipoifungua habu, gololi mbili hazikuwamo. Rimu nayo ilikuwa imepinda, nami nikasema niko tayari kununua nyingine.

"Hapana, mwalimu. Hii bado iko na kazi." Akainyoosha kwa kukaza na kulegeza spoku, moja moja. Raba kuukuu za breki alizifunga kwa karatasi, akanikabidhi nione zilivyolika. Dada yangu unayehamia mtaa mgeni, kidai kipuri chako cha zamani kila mara. Fundi mwaminifu hatachukia.

Ana kasoro yake: akikwambia Alhamisi, fahamu kuwa ni Jumamosi. Na kuna aliyenilaumu kwa kutompelekea kazi Mwislamu mwenzangu. Nilimjibu kwamba yule wa kwanza, ambaye simtaji, ni Mwislamu, tena husali safu ya mbele.

Safari ya pili ahali yangu alifuatana nasi. Alikaa kwenye benchi kando ya binti, akamwambia, "Mzee, mfundishe na huyu, asiwe anakungoja wewe kila siku." Mzee akacheka, akaleta beseni la maji. Binti akazamisha tyubu, akatafuta mapovu, akapasugua mahali palipotoboka kwa msasa, akapaka solisheni. Alitaka kubandika kiraka papo hapo. "Ngoja ikauke," mzee akamzuia, "ukikimbiza itabanduka njiani." Mwisho akamwonyesha kubana breki zote mbili na kuisukuma baiskeli: gurudumu lolote likizunguka, asipande.

Darasa la Qur'ani amelirudia. Kila asubuhi husimama mlangoni, akabana breki, akasukuma. Mama yake humtazama kutoka dirishani, na magurudumu yakigoma kuzunguka humwambia, "Haya, nenda. Fi amanillah."