Barua kwa Mwipwa Wangu Kuhusu Sukhoi

Kabambare

Mwipwa wangu mpenzi,



Umeuliza kwa nini ndege za jeshi letu la Kongo hazilingani na zile za Uganda, wakati zote ni Sukhoi. Sukhoi ni jina la watengenezaji tu. Ya kwetu ni Su-25, iliyoruka mara ya kwanza mwaka 1975, na kazi yake ni moja: kupita chini na kupiga vilivyo ardhini. Haifikii mwendo wa sauti, ila kuiangusha ni shida. Rubani amezungushiwa kuta za titani, na injini zake mbili zimetenganishwa, moja kulia, nyingine kushoto, ili moja ikipigwa nyingine imrudishe. Itazame tena ile video ya Goma ya tarehe 24 Januari 2023: kombora linalipuka karibu nayo, na bado inatua uwanjani.

Ile ya Entebbe ni Su-30MK2. Uganda ilinunua sita, zikafika kati ya 2011 na 2012. Hiyo ndiyo ya kazi nyingi: inapigana na ndege, inapiga ardhini, hata meli. Ina viti viwili, maana rada na silaha zote hizo zinamlemea mtu mmoja. Inakwenda karibu mara mbili ya mwendo wa sauti, na kwa mafuta yake yenyewe hufika km 3,000. Kutoka Entebbe hadi hapa kwetu ni kama km 750 kwa mstari ulionyooka. Piga hesabu mwenyewe.

Lakini pima na uzito wa hiyo Su-30. Ikiwa tupu ni tani 18 hivi. Tia mafuta tani tisa na silaha tani nane, imekuwa nzito karibu mara mbili, na ule wepesi wa kugeuka angani umepungua sana. Kwa hiyo kila safari wanachagua: mabomu mengi, au mwendo mrefu, au wepesi. Anayekuambia inafanya yote kwa wakati mmoja, usimsadiki.

Na usiwasahau walio chini: wakati wa vita vya waasi wa Simba hapa nchini, serikali ilitumia T-28 za Marekani, ndege zilizobuniwa kufundishia marubani, zikafungwa bunduki na mabomu. Upande wa Fizi watu walizikimbia. Hilo nalo nataka ulijue unapoipenda elimu hii.

Ukija likizo, leta daftari la fizikia. Tutaanza na mabawa: kwa nini ya Su-30 yamelala nyuma, na ya Su-25 yamekaribia kunyooka.

Mjomba wako