Kwa Baiskeli hadi Ngana

Mwenye kutaka kujifunza kuendesha baiskeli katika njia za milimani asianzie mlimani. Aanzie bondeni, na bonde la Kyela lafaa sana. Ni tambarare tangu ufuko wa Ziwa Nyasa, mita zipatazo 500 juu ya usawa wa bahari; ndiyo maana baiskeli imekuwa chombo cha kila siku cha mkulima wa huko.

Hakuna haja ya kuchonga njia mpya. Vipo vijia vya kandokando ya majaruba ya mpunga na chini ya vivuli vya mikakao. Hapo mwanafunzi ajizoeze kutumia breki zote mbili taratibu, na kutazama mbele badala ya kulitazama gurudumu. Akiisha kuzoea, aelekee Ngana, upande wa mpaka wa Malawi, ambako mto Songwe hutenganisha nchi mbili. Penye mwinuko mkali ashuke, akokote, si aibu.

Masika, ambayo huzidi mwezi wa Aprili, hugeuza udongo kuwa utelezi. Heri kwenda kati ya Juni na Oktoba.

Lakini lililo kubwa ni hili: vijia hivyo ni barabara za watu. Aliyefunga gunia la mpunga kwenye keria hawezi kusimama ghafla mteremkoni. Mama mwenye mkungu wa ndizi kichwani hawezi kuruka pembeni. Mwenye kutembea kwa starehe ndiye apaswaye kumpisha mwenye mzigo.