Kabla hujazima singeli ya mwanao

Msimu wa korosho ukifika, spika za Ndanda hazilali. Kinyozi anapiga wake, muuza simu wake, na singeli ndiyo inayoshinda. Nyumbani mama anamnyang'anya simu binti yake wa miaka 14: "Huu si muziki, ni matusi!" Bibi, anayebangua korosho pembeni, anacheka. "Mwanangu, sindimba umeisahau?"

Bibi ana hoja. Sindimba, ngoma ya Wamakonde inayojulikana nchi nzima, ni ya kiuno tangu zamani.

Kila kizazi kina muziki wake uliowaudhi wakubwa. Mwaka 1969 muziki wa soul kutoka Marekani ulipigwa marufuku Dar es Salaam. Vijana walioucheza wakati ule leo ni mababu, na baadhi yao ndio wanaolalamikia singeli. Novemba 2018 BASATA iliufungia wimbo "Mwanza" wa Rayvanny na Diamond Platnumz kwa sababu ya maneno yake. Mwezi uliofuata wakauimba jukwaani, nao wakafungiwa.

Tena, kile ambacho mzazi anakiona upuuzi huenda kinamjenga mtoto. Kuna vijana wa kusini waliokuwa wakificha kabila lao wakifika mjini, wakiogopa kutaniwa. Harmonize, mzaliwa wa Chitoholi huko Tandahimba, akajiita Konde Boy. Leo mtoto wa Newala anajiita Mmakonde kwa kujidai.

Basi tofauti ya bibi na mjukuu iko wapi? Haiko kiunoni. Nyimbo za unyago nazo zilitaja mambo ya mwili waziwazi, lakini kungwi alikaa na mwali akamfafanulia kila fumbo. Si kwamba yote aliyofundisha yalifaa. Wapo mabinti waliotoka unyagoni wakiamini kwamba sasa wako tayari kuolewa. Hata hivyo, mtu mzima alikuwepo wa kuulizwa.

Wimbo wa kwenye simu hauna kungwi. Binti anasikia fumbo la mapenzi na halielewi. Akimuuliza mama aliyekwishasema ni matusi, atagombezwa. Kwa hiyo anamuuliza mwenzake wa darasani, au kijana wa bodaboda. Hapo ndipo anapoambiwa kwamba mara ya kwanza mtu hapati mimba.

Mzazi, si lazima uipende singeli. Chagua wimbo mmoja anaoupenda mwanao, msikilize pamoja hadi mwisho. Muulize, "Hapa anamaanisha nini?" kisha umwache aseme. Kama neno linamdhalilisha mwanamke, mwambie hivyo na umweleze kwa nini. Kama linagusa hedhi, mimba au magonjwa ya zinaa, mjibu ukweli, kwa maneno ya kawaida. Kama hujui, nendeni pamoja mkamuulize muuguzi.

Ukiinyang'anya simu, wimbo atausikia kwa jirani. Atakachokosa ni mtu wa kumuuliza.