Baiti Sita

Sehemu kubwa ya maisha yangu ya kazi imepita kwenye draiva za kadi za mtandao za Linux, kazi ambayo ikienda vizuri hakuna anayejua kuwa ipo. Humo niligundua mapema kwamba anwani ya MAC, baiti 6 tu zinazoitambulisha kadi kwenye mtandao, kila kadi huitunza kivyake. Moja huiweka kwenye chipu ya kumbukumbu, EEPROM, nyingine hutaka isomwe rejista kwa rejista, nyingine huipanga kinyumenyume. Ikikosekana kabisa, draiva hujibunia ya kubahatisha na kuwasha biti inayoonyesha kwamba haikutoka kwa mtengenezaji.

Kila mwandishi wa draiva aliichota kwa namna yake, kisha akaimimina moja kwa moja ndani ya dev_addr, mahali ambapo keneli, kiini cha Linux, huhifadhi anwani ya kifaa. Kwa miaka mingi hilo halikumdhuru mtu. Kisha keneli ikaanza kupanga anwani za vifaa katika mti, ili zipatikane haraka hata mitandao pepe (VLAN) ikiwa mingi mno. Hapo uhuru ule ukawa hatari: draiva ikibadilisha baiti bila kuaga, mti unabaki umepangwa kwa anwani ya zamani, na anayetafuta hapati.

Mwaka 2021 Jakub Kicinski, mmoja wa wasimamizi wa msimbo wa mtandao katika keneli, aliongoza usafishaji. Kila anwani ilitakiwa kupitia mlango mmoja, funksheni ya eth_hw_addr_set na ndugu zake. Draiva zilizofanana zilibadilishwa kwa Coccinelle, programu iliyozaliwa Ufaransa ambayo hutambua umbo la msimbo popote lilipo. Zilizobaki zilihitaji macho ya mtu. Nilizoshika mimi nyingi zilikuwa kongwe, zenye kuandika baiti mojamoja ndani ya kitanzi. Ilinibidi nizikusanye baiti hizo kwanza pembeni, kisha niikabidhi anwani nzima kwa mkupuo. Kadi zenyewe hazikuwepo mezani, kwa hiyo nilisoma kila mstari kama mkaguzi wa hesabu.

Katika Linux 5.17, Machi 2022, dev_addr ikatangazwa kuwa const, yaani ya kusomwa tu. Kwangu kazi iliisha siku hiyo, si siku draiva ya mwisho iliposafishwa. Nimeona miongozo mizuri ikipuuzwa bila ukaidi wowote: mtu ana haraka, ananakili draiva ya jirani, na kosa la jirani linahamia kwake. Const haimsubiri asome mwongozo. Akijaribu kuandika baiti humo kwa mkono wake, kompaila inamkatalia kabla msimbo haujanifikia mimi.