Kanisa la Mkunazini, Unguja

Msafiri atokaye Voi kwenda Taveta huiona Salaita, kilima kidogo kilichosimama peke yake nyikani. Wengi hukijua kwa sababu ya vita vya tarehe 12 Februari, 1916. Lakini kabla ya mizinga, misafara ya watu wa pwani iliivuka nyika ile isiyo na maji, kati ya Bura na Taveta, ikitafuta pembe za ndovu, na mara nyingine watu. Njia nyingi za namna hiyo katika Afrika ya Mashariki zilikuwa na mwisho mmoja: soko la watumwa la Mkunazini, katika mji wa Unguja. Sasa mahali pale pana kanisa, na mtu wa Taita afikaye Unguja asirudi kwao kabla ya kulitazama.

Soko lilifungwa mwezi wa Juni, 1873, Seyyid Barghash alipotia sahihi mkataba na Waingereza. Siku ya Krismasi ya mwaka uo huo likawekwa jiwe la msingi. Aliyesimamia kazi ni Edward Steere wa misheni ya U.M.C.A., aliyefanywa Askofu mwaka 1874. Ndiye yule aliyefasiri Agano Jipya kwa Kiswahili cha Unguja. Elimu yake ilikuwa ya sheria, wala si ya ujenzi.

Ajabu ya jengo lile ni paa. Steere hakutaka boriti hata moja. Alitaka paa la mviringo, kama pipa lililopasuliwa katikati, la mawe ya matumbawe yaliyopondwa na kuchanganywa na saruji. Watu wakasema litawaangukia waumini. Krismasi ya 1877 watu walisali humo, na paa bado halijakwisha. Lilikwisha mwaka 1879. Halijaanguka, na mchwa, ambao sote twajua wafanyavyo katika mapaa yetu, hawana cha kula.

Karibu na mlango mkubwa ziko nguzo ambazo, husimuliwa, mafundi walizisimamisha kichwa chini, Askofu alipokuwa hayupo. Aliporudi aliziacha vivyo hivyo, na ndivyo zilivyo hata leo.

Mbele ya madhabahu pana duara la marumaru sakafuni. Yasemwa kwamba hapo ndipo uliposimama mti waliofungwa watumwa wakapigwa viboko. Steere, aliyefariki mwaka 1882, amezikwa nyuma ya madhabahu. Upo pia msalaba uliochongwa katika mti wa Chitambo, nchi ya Zambia, ambao chini yake ulizikwa moyo wa Livingstone mwaka 1873.

Nje, katika shimo lililojengewa, zimesimama sanamu tano za watu, zilizochongwa na Clara Sörnäs wa Sweden katika miaka ya 1990. Shingoni wana minyororo. Sanamu ni mpya, bali minyororo ni ya zamani zile zile.