Mtihani Mbele ya Jicho la Simu

Mtu asiyeweza kwenda mwenyewe hutuma mjumbe. Kijana atakaye kusomea uigizaji katika vyuo vya Marekani aghalabu hutakiwa kwanza apeleke video fupi. Walimu huitazama, wakachuja, na wachache tu ndio huitwa kwa usaili wenyewe. Video hiyo ni mjumbe wako. Mjumbe hauawi, walakini aweza kurudi mikono mitupu.

Mjumbe wangu nilimtuma nilipokuwa na umri wa miaka kumi na tisa, kutoka nyumbani kwetu Nakuru. Nilikuwa nimeigiza katika tamasha za shule, tena nilijua habari za Lupita Nyong'o, aliyelelewa Kenya, akahitimu shule ya maigizo ya Chuo Kikuu cha Yale mwaka 2012, na mwaka 2014 akapata tuzo ya Oscar. Niliandikia vyuo vitatu. Kila maombi yalikuwa na ada yake, na mama aliuza mbuzi wawili ili ada hizo zilipwe. Baba alikuwa amefariki mwaka uliotangulia. Sikutaka mbuzi wale wapotee bure.

Nilichagua maneno ya Antony katika mchezo wa Shakespeare uitwao Julius Caesar, pale abakipo peke yake na maiti ya rafiki yake. Kipande hicho huchukua muda wa dakika moja na nusu hivi, na muda wa namna hiyo ndio vyuo vingi hupenda.

Siku ya kwanza nilikosea karibu kila jambo. Nilisimama na dirisha mgongoni, uso wangu ukawa giza. Mvua ikanyesha juu ya mabati, sauti yangu ikamezwa. Haya yalikuwa makosa madogo. Kosa kubwa lilikuwa langu mwenyewe: niliiga matamshi ya watu wa sinema, nikarusha mikono na kupiga mayowe kama niliyekuwa jukwaani, nikitaka mtu wa kiti cha nyuma kabisa anisikie. Nilisahau kwamba mbele ya simu hakuna kiti cha nyuma. Mtazamaji yu karibu nawe kama mtu mliyeketi naye meza moja.

Jioni nilimwonyesha mama. Alikuwa akichambua maharagwe. Akaacha, akatazama mpaka mwisho.

"Mwanangu," akauliza, "huyu anamlilia nani?"

"Rafiki yake aliyeuawa, mama."

Akanyamaza kitambo, kisha akasema, "Siku tulipomzika baba yako hukupiga kelele. Ulishika ubao wa jeneza, ukasema polepole, nami nilisikia kila neno."

Sikuwa na jibu. Usiku ule nilitoa katika vitabu vya baba tafsiri ya mchezo huo iliyofanywa na Julius Nyerere, iliyotolewa mara ya kwanza mwaka 1963. Nilisoma maneno ya Antony kwa Kiswahili, moja moja, hata nikajua kila moja lilikuwa na kazi gani. Ndipo nikarudi kwa Kiingereza, nikayasema kwa ulimi wangu mwenyewe.

Asubuhi niliuelekea mwanga wa dirisha, nyuma yangu ukuta mtupu. Simu niliilaza ubavu juu ya rundo la vitabu, ikawa sawa na macho yangu. Nilitaja jina langu na jina la mchezo, nikatua, nikaanza. Sikulikodolea macho jicho la simu. Nilitazama kando yake kidogo, mahali nilipomweka maiti katika mawazo yangu. Nilirudia mara kumi na moja bila kuunga vipande, maana vyuo vingi hukataza. Nikapeleka ya nne. Zilizofuata zilikuwa safi zaidi, lakini hazikuwa na mtu ndani.

Vyuo viwili vilinikataa. Cha tatu kiliniita kwa usaili wa pili, nao sikuushinda. Nilimweleza mama nikiwa nimeinamisha kichwa. Akaniuliza kama ile video bado ninayo. Nilipomwonyesha aliitazama, akaomba airudie, kisha akafuta macho kwa ncha ya leso yake. Kuhusu mbuzi hakusema neno.

Leo nafundisha uigizaji, na wanafunzi huniletea video zao kabla ya kuzituma. Huwaambia wachague kipande wanachokielewa, watafute mwanga na utulivu, wafuate masharti ya kila chuo, na watume mapema. Hayo yote hufundishika kwa siku moja. Kisha huwauliza swali la mama: huyu anamlilia nani? Nawe, msomaji, siku utakaposimama mbele ya jicho lile, ujiulize swali hilo kabla hujafungua kinywa. Ukiwa na jibu, sema polepole. Utasikika.