Linashukia Ruiru

Mama aliponiuliza jiwe langu lina ukubwa gani, nilimjibu: kutoka Nairobi hadi Thika. Jumapili iliyofuata chama chake kizima kilikuwa kinajua. Si vibaya, chama hicho ndicho kilichonikopesha karo ya uzamili.

Jiwe lenyewe ni asteroidi 1278, iitwayo Kenya. Cyril Jackson aliiona kutoka Johannesburg mwezi Juni 1933. Sisi tulikuwa koloni wakati huo, kwa hiyo sidhani kuna aliyetuuliza kuhusu jina. Hulizunguka Jua kati ya Mirihi na Mshtarii, mzunguko mmoja kwa karibu miaka 3 na miezi 9. Kwa kalenda yake, mimi wa miaka 26 ndiyo kwanza natimiza 7.

Njia yake haikunisumbua. Ukijua mahali ilipoonekana usiku huu, na ule, na mwingine, hesabu hukupa zilizobaki. Ukubwa ndio mtihani. Kwenye darubini ni nukta tu, na jiwe kubwa jeusi hutoa nukta ileile ya jiwe dogo jeupe. Lazima kwanza ujue uso wake unaakisi mwanga kiasi gani.

Mimi nilitumia programu ya mwenzangu bila kuikagua. Ndani yake kiwango kilikuwa asilimia 5, cha mawe meusi kama makaa. Kenya ni ya mawe ya silika, huakisi kama asilimia 20. Mwanga ukiakisiwa mara nne zaidi, kipenyo hushuka nusu: kilomita 41 zikawa kama 20.

Niligundua saa nane usiku, sura mbili za tasnifu zikiwa tayari kwa msimamizi, naye hajaona kitu. Nilikaa na siri hiyo siku tatu. Nilijua kusema ni kukosa mahafali ya mwaka huu, na karo ya muhula mwingine. Siku ya nne nilimwandikia. Sura zikarudi.

Kisha nikampigia mama.

"Kwa hiyo halifiki Thika?"

"Halifiki, mama. Linashukia Ruiru."

Alinyamaza. Nilijua anapiga hesabu ya mkopo.

"Na ile miaka mitatu na miezi tisa, nayo imepungua?"

"Hapana. Hiyo iko vilevile."

"Haya. Ngoja niwaambie wenzangu kabla hawajaenda nayo mbali."